Jinsi ya kupanga safari fupi ya ndege ya ndani kwenda mji wa mapumziko na familia

Tiketi ikiandika saa 1 na dakika 10, usidhani safari yenu ni ya saa 1 na dakika 10. Muda huo huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho ya uwanja mmoja hadi inaposimama kwenye maegesho ya uwanja wa pili, na ndani yake mna kutambaa kuelekea njia ya kurukia na kungoja zamu. Hewani penyewe huenda mkakaa dakika 45 tu. Sehemu kubwa ya siku hupitia ardhini: barabarani, kwenye foleni, kwenye viti vya kungojea, mbele ya mkanda wa mizigo. Kwa hiyo safari fupi hupangwa kuanzia chini, mlango kwa mlango, na anayeipanga kwa kuangalia nauli peke yake ndiye anayefika na watoto wanaolia.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mlango kwa mlango

Kabla ya kufungua tovuti yoyote ya tiketi, chukua karatasi uandike vipande vyote vya safari. Mfano wa familia yenye mizigo ya kukabidhi:

- nyumbani hadi uwanjani: dakika 60
- uwanjani kabla ya ndege kuondoka: dakika 120
- muda ulioandikwa kwenye tiketi: dakika 70
- kushuka, kutembea na kusubiri mizigo: dakika 40
- uwanjani hadi mlango wa hoteli: dakika 45

Jumla ni dakika 335, yaani saa 5 na dakika 35. Sasa linganisha na barabara au reli. Umbali ukiwa chini ya kilomita 300 na barabara ni nzuri, ndege mara nyingi haiokoi muda wowote. Ukipita kilomita 500, ndege mara nyingi hushinda. Katikati ya hapo ndipo uamuzi unapohitaji kichwa, na huko idadi yenu ina uzito kuliko umbali: gari hulipiwa mafuta yaleyale likibeba mtu 1 au 5, lakini ndege hudai nauli ya kila kichwa. Usisahau pia kwamba ukienda kwa ndege unafika bila gari. Gharama ya teksi au gari la kukodi kwa siku zote za mapumziko ni sehemu ya bei ya safari.

Ikiwa hesabu imekubali ndege, endelea.

Hatua ya 2: Chagua uwanja, kisha saa

Miji mingi inayopendwa na familia ina uwanja zaidi ya mmoja, na uwanja wenye nauli ndogo mara nyingi ndio ulio mbali. Orlando ya Marekani ni mfano mzuri. Uwanja mkubwa una alama ya MCO, herufi zilizobaki kutoka kambi ya zamani ya jeshi la anga iliyoitwa McCoy. Uwanja mwingine, SFB, uko Sanford, kaskazini, wakati bustani kubwa za michezo ziko upande wa kusini-magharibi wa mji. Anayeshuka Sanford kwa nauli ndogo hulipa tofauti hiyo barabarani. Hatari nyingine ni miji yenye jina moja: Portland ya Oregon ni PDX, Portland ya Maine ni PWM, na zote mbili zimo ndani ya nchi moja. Kwa hiyo tafuta kwa alama ya herufi 3, siyo kwa jina la mji peke yake, na upime kwenye ramani umbali kutoka uwanja huo hadi hoteli yenyewe.

Kuhusu saa, pendekezo letu ni moja: ndege ya asubuhi, inayoondoka kati ya saa 2 na saa 4. Sababu iko katika namna ndege za safari fupi zinavyofanya kazi. Ndege hizi hazipumziki. Inatua, inashusha, inapakia na kuondoka tena baada ya dakika 30 hadi 45, na mzunguko huo hurudiwa mara nyingi kwa siku. Ikichelewa dakika 20 asubuhi, haina mahali pa kuzifidia. Uchelewaji unabebwa hadi safari inayofuata na kuongezeka. Ndege ya alfajiri mara nyingi imelala hapohapo uwanjani, kwa hiyo haimngoji mtu. Zaidi ya hayo, ardhi ikipata joto mchana, hewa moto hupanda na ndege hutikisika, na katika nchi za joto mawingu ya radi hujengeka alasiri. Mtoto mwenye kichefuchefu atakushukuru kwa tiketi ya asubuhi. Na ndege ya asubuhi ikifutwa, bado kuna nyingine siku hiyohiyo. Ikifutwa ile ya mwisho, mnalala.

Kwa nini basi tusiseme ile ya kwanza kabisa? Kwa sababu watoto wakiamshwa saa 9 za usiku, siku ya kwanza ya mapumziko imekwisha kabla haijaanza. Na kuna miji ambayo ukungu hufunika uwanja alfajiri. Huko ndege ya saa 4 ni salama zaidi kwa ratiba kuliko ya saa 12.

Kumbuka upande wa pili wa kufika mapema: hoteli nyingi hutoa chumba kuanzia saa 8 au saa 9 mchana. Andikia hoteli kabla, uombe wawatunzie mizigo mkifika, na uweke nguo za kuogelea, taulo moja na krimu ya jua juu kabisa kwenye begi moja. Hapo hamtafungua mabegi 4 mapokezini mkitafuta kaptula.

Sasa jambo ambalo huwaponza wasemaji wa Kiswahili hasa. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24 unaoanza kuhesabu usiku wa manane, ilhali mdomo wetu huanza kuhesabu jua linapochomoza. Ndege ya 06:40 ni saa 12 na dakika 40 asubuhi. Ya 18:40 ni saa 12 na dakika 40 jioni. Ya 13:25 ni saa 7 na dakika 25 mchana. Ukimwambia mwenzako kwa simu “saa kumi na mbili na dakika arobaini” na hukusema asubuhi au jioni, umempa tiketi mbili. Mbaya kuliko zote ni ndege ya baada ya usiku wa manane. Tiketi ya 00:15 tarehe 14 maana yake mnaondoka nyumbani jioni ya tarehe 13. Watu hufika uwanjani usiku wa tarehe 14 na kukuta ndege iliondoka usiku uliopita. Katika ujumbe wa familia andika tarakimu kama zilivyo kwenye tiketi, kisha chini yake saa ya kuondoka nyumbani pamoja na jina la siku.

Hatua ya 3: Nunua tiketi bila kulipa zaidi ya inavyostahili

Anza kwa kutafuta nauli ya mtu 1, kisha utafute ya familia nzima kwa ndege ileile. Ukiona nauli ya kila kichwa imepanda, sababu ni hii: shirika hugawa viti vya ndege moja katika madaraja ya nauli. Vikibaki viti 2 vya nauli ya chini na wewe umeomba 4, mifumo mingi hukupa vyote 4 kwa nauli ya juu. Ukinunua 2 kwanza, halafu 2, wawili kati yenu watapata ile ya chini.

Ila mgawanyo huo una masharti. Kila tiketi ya mtoto lazima iwe pamoja na mtu mzima kwenye uhifadhi mmoja, yaani nafasi zilizokatwa pamoja kwa namba moja. Usiwaache watoto peke yao kwenye uhifadhi wao. Baada ya kulipa, piga simu shirika uombe hifadhi zote mbili ziunganishwe kwa maelezo. Hata hivyo ndege ikifutwa, mfumo unaweza kuwahamishia safari mbili tofauti. Kama unachookoa ni kidogo, baki na uhifadhi mmoja. Usumbufu wa familia iliyotenganishwa hauna bei.

Halafu linganisha jumla, siyo nauli. Nauli ya chini kabisa mara nyingi haina begi la kukabidhi, haina kiti cha kuchagua, na hairudishwi. Ongeza mabegi ya kwenda na kurudi, viti, na makato ya kadi, ndipo uamue. Begi likilipiwa wakati wa kukata tiketi huwa na bei nafuu kuliko likilipiwa kaunta.

Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Jina la nyumbani halitambuliki kaunta. Ukiona kosa, lirekebishe siku hiyohiyo: mashirika mengi hukubali kusahihisha herufi chache yakiambiwa mapema, lakini asubuhi ya safari mnaweza kuambiwa mnunue tiketi mpya.

Mara baada ya kulipa, hakikisha mambo mawili. Kwanza namba ya uhifadhi, ambayo ni herufi na tarakimu 6. Pili namba ya tiketi yenyewe, ambayo kwa mashirika mengi ina tarakimu 13, na kila abiria ana yake. Namba ya uhifadhi bila namba ya tiketi mara nyingi ina maana moja: nafasi imeshikwa lakini tiketi haijatolewa, na muda ukipita itaachiwa. Hili hutokea malipo yanapokwama, na hutokea pia kwa wakala asiye mwaminifu. Ingiza namba hiyo na jina la ukoo kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Usipoona safari yenu na neno linaloonyesha kuwa imethibitishwa, hamna tiketi bado.

Kitu kimoja zaidi. Tiketi ya kwenda na kurudi hutumika kwa mpangilio. Mkiamua kwenda kwa gari na kutumia ndege ya kurudi tu, mashirika mengi hufuta safari ya kurudi pindi msipotokea kwenye ile ya kwenda. Mpango ukibadilika, waarifu kabla ndege haijaondoka.

Hatua ya 4: Hati

Safari ya ndani haihitaji viza, na hapo ndipo watu hulegea. Mtu mzima anahitaji kitambulisho halisi chenye picha, siyo picha yake kwenye simu, isipokuwa shirika na nchi husika wamesema wazi kuwa wanakubali cha kidijitali. Kwa mtoto beba cheti cha kuzaliwa au pasipoti hata kama nchi yenu haidai hati kwa watoto wadogo, kwa sababu umri ndio unaoamua nauli na kaunta ina haki ya kuuthibitisha. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, au na bibi, beba barua ya ridhaa yenye sahihi na namba ya simu ya mzazi aliyebaki.

Mama mjamzito aulize mapema: mashirika mengi huomba barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 na hukataa kumbeba baada ya wiki ya 36, au mapema zaidi akiwa na mapacha. Wiki zihesabiwe kwa siku ya kurudi.

Hatua ya 5: Watoto wachanga na viti

Mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 huruhusiwa kupakatwa na mtu mzima kwa nauli ndogo au bure. Lazima aandikwe kwenye uhifadhi hata akiwa bure, kwa sababu rubani huhesabu kila mtu aliyemo. Akitimiza miaka 2 katikati ya mapumziko, ya kurudi itabidi awe na kiti chake.

Mtu mzima mmoja hupakata mtoto mmoja. Wazazi wenye mapacha wachanga mara nyingi hushangaa kukuta mfumo unakataa kuwakalisha safu moja upande uleule. Sababu ni oksijeni: juu ya viti vitatu kwa kawaida kuna barakoa 4 tu, yaani moja ya ziada. Chagueni viti vya pande mbili za ujia, safu moja, na mtapitishiana chupa bila shida. Safu za milango ya dharura haziruhusiwi kwa watoto, hata zikionekana zina nafasi ya miguu.

Kama uwezo upo, mnunulie kiti hata mchanga, na mfunge kwenye kiti cha mtoto cha gari kilichoidhinishwa kwa ndege. Lebo yake husema hivyo. Ndege ikitikisika vibaya, mikono ya mzazi haiwezi kumshika mtoto. Hilo si la kutishana, ni la kujua kabla ya kuamua.

Usingoje siku ya safari ili mpate kukaa pamoja. Kuchekini kwa mtandao, yaani kuthibitisha safari na kupata viti, hufunguliwa saa 24 hadi 48 kabla, kutegemea shirika. Weka kengele kwenye simu na ufanye dakika ileile inapofunguliwa. Viti vikiwa vimekwisha kugawanywa, mwendee mhudumu wa kaunta mapema. Ukisubiri hadi ndani ya ndege, itabidi uombe hisani ya abiria aliyelipia kiti chake.

Ndege za panga boi zina utaratibu wao. Kwenye ATR 72, yenye viti takribani 70 vilivyopangwa viwili viwili, abiria hupandia na kushukia mlango wa nyuma. Anayechagua safu ya mbele akidhani atashuka kwanza atashuka mwisho. Kwa familia, safu za nyuma ni bora: karibu na mlango, karibu na choo, na mbali kidogo na kelele za mapanga.

Hatua ya 6: Mizigo

Hapa ndipo pesa na muda hupotea zaidi, basi tulia kidogo.

Soma kiwango kilichoandikwa kwenye tiketi yako, siyo ulichozoea. Begi la kukabidhi huruhusiwa kilo 15, 20 au 23. La mkononi kilo 7 hadi 10, na vipimo vya karibu sentimita 55 kwa 40 kwa 20, magurudumu na mpini vikihesabiwa. Begi lolote lisizidi kilo 32 hata ukilipia, kwani hicho ndicho kikomo kinachotumika sana kulinda migongo ya wapakiaji. Kupima nyumbani ni rahisi: simama kwenye mizani ukiwa umebeba begi, kisha simama bila begi, toa. Acha kilo 2 wazi kwa ajili ya kurudi, maana taulo na nguo za kuogelea zisizokauka zina uzito wa ajabu.

Mkiwa kwenye uhifadhi mmoja, mashirika mengi hukubali kujumlisha uzito: mabegi mawili ya kilo 26 na kilo 18 huhesabiwa kama 44. Mengine hupima kila begi peke yake. Uliza, halafu ufunge.

Usiweke nguo zote za mtu mmoja kwenye begi moja. Changanya: kila begi liwe na nguo za siku moja za kila mmoja. Begi moja likichelewa, hakuna mtoto atakayebaki bila cha kuvaa. Nje weka jina na namba ya simu, ndani weka karatasi yenye maelezo hayohayo pamoja na jina la hoteli, kwa sababu lebo za nje hung'oka. Piga picha kila begi kabla ya kuondoka. “Jeusi, la kati” halimsaidii anayelitafuta.

Dawa zote, miwani, funguo, hati, vito na vifaa vya umeme vikae begi la mkononi. Ongeza dawa za siku 2 zaidi ya siku mlizopanga.

Betri zinahitaji maelezo marefu kidogo. Pawabenki na betri za akiba haziruhusiwi kabisa kwenye begi la kukabidhi, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto sehemu ya mizigo, hakuna mtu wa kuizima. Kikomo ni wati-saa 100 bila kuomba ruhusa. Kati ya 100 na 160 inahitaji kibali cha shirika na si zaidi ya 2. Juu ya 160 hairuhusiwi. Kama lebo ina mAh pekee, gawanya kwa 1,000 kisha zidisha kwa 3.7. Yenye mAh 20,000 ni wati-saa 74, inaruhusiwa. Yenye mAh 30,000 ni 111, inahitaji kibali. Isiyo na maandishi yoyote inaweza kuchukuliwa kwenye ukaguzi hata kama ni ndogo. Baadhi ya mashirika sasa yanataka pawabenki ikae karibu nawe, siyo kwenye kabati la juu.

Na mtego wake: ndege ikijaa, au ikiwa ndogo, wahudumu huchukua mabegi ya mkononi mlangoni na kuyashusha chini. Huo ndio wakati watu husahau pawabenki ndani. Weka pawabenki, dawa na hati katika mfuko mdogo unaochomoka mara moja, ubaki nao begani.

Maji na krimu: kanuni ya chupa zisizozidi mililita 100 kwenye mfuko wa lita 1 ilienea tangu 2006 kwa safari za kimataifa. Kwa safari za ndani nchi hutofautiana, na uwanja wenye lango moja la ukaguzi kwa abiria wote unaweza kuitumia kwa kila mtu. Chupa kubwa za krimu ya jua ziende begi la kukabidhi, zikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Maziwa ya mtoto mchanga na dawa za maji kwa kawaida huruhusiwa kupita kiwango hicho. Zitoe begini na uzitaje kabla ya kuulizwa. Chupa ya maji pitieni nayo tupu, mjaze ndani.

Kigari cha mtoto hupokelewa bure na mashirika mengi, na mengi hukuacha ukitumie hadi langoni. Chukua lebo yake langoni, toa kila kilichomo kwenye mifuko yake, na uulize kitarudishwa wapi: mlangoni mwa ndege au kwenye mkanda.

Hatua ya 7: Siku yenyewe, kwa kuhesabu kinyumenyume

Chukua saa ya tiketi urudi nyuma. Ndege ya 09:10, mabegi ya kukabidhi:

- 09:10 ndege inaondoka kwenye maegesho
- 08:55 lango limefungwa
- 08:30 abiria wanaanza kupanda
- 08:25 kaunta ya mizigo inafungwa
- 07:10 mmefika uwanjani
- 05:50 mmetoka nyumbani: dakika 60 za barabara na 20 za akiba
- 05:00 kuamka

Dakika hizi hubadilika kwa shirika na uwanja. Kaunta za safari za ndani hufungwa kati ya dakika 30 na 60 kabla, na lango dakika 10 hadi 20. Andika zenu. Saa inayokata shingo ni ile ya kaunta. Watu huikariri saa ya kuondoka, wakafika 08:35 wakiona wana dakika 35 mkononi, kumbe mzigo hauingii tena. Mfumo ukishafunga orodha, aliye kaunta huwa hana uwezo wa kuifungua.

Kwenye ukaguzi, mtu mzima mmoja atangulie, watoto wafuate, mtu mzima wa pili afunge mstari. Aliyetangulia anapokea mabegi na watoto, wa nyuma anahakikisha hakuna kilichobaki kwenye trei. Mtoto avae viatu vya kuvua kwa urahisi, na sarafu zikae begini tangu nyumbani. Midoli yenye umbo la bunduki ibaki nyumbani, hata ya plastiki ya rangi.

Choo kabla ya 08:25, bila mjadala. Mkianza foleni ya kupanda hakuna pa kwenda, na kwenye safari fupi taa ya mikanda inaweza kuwaka karibu njia nzima. Msosi uwe mwepesi na mkavu: maziwa mengi na juisi kabla ya kuruka ndiyo hurudi kwenye mfuko wa kutapikia.

Hatua ya 8: Masikio

Katika dakika 45 za hewani, ndege huanza kushuka dakika 20 hadi 25 kabla ya kutua. Yaani karibu nusu ya safari ni kushuka, na kushuka ndiko kunakoumiza masikio. Hewa ya kabini, ambayo juu huwa kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, huanza kuwa nzito tena, na kimirija kati ya koo na sikio la kati hakifunguki chenyewe vizuri kwa mtoto. Kinafunguliwa na kumeza.

Kosa la kawaida ni kumpa mchanga chupa yote ndege inapopaa, kisha akalala, na wakati wa kushuka hakuna kilichobaki. Mpe kidogo wakati wa kupaa, sehemu kubwa uihifadhi. Ukisikia mngurumo wa injini umepungua na pua ya ndege imeinama, mwamshe, mnyonyeshe au mpe chupa akiwa ameketi wima. Mkubwa anywe maji kwa mrija, atafune bazoka, au apige miayo. Mtoto mwenye mafua makali au maumivu ya sikio aonwe na daktari kabla ya safari.

Hatua ya 9: Mkishatua

Hesabu vichwa, kisha hesabu mabegi, kabla ya kutoka ukumbini. Begi likikosekana au likiwa limevunjika, nenda kaunta ya mizigo ya shirika hapohapo, ujaze fomu na uondoke na namba ya kumbukumbu. Ukishatoka nje, kudai kunakuwa kugumu zaidi. Kipande cha lebo ulichopewa wakati wa kukabidhi kinahitajika, usikitupe ndani ya ndege.

Usafiri wa kwenda hotelini uwe umeshaagizwa, pamoja na kiti cha mtoto. Teksi za uwanjani mara nyingi hazina, na dereva akikwambia “mpakate tu, ni karibu”, kataa.

Hatua ya 10: Kurudi

Familia huchelewa ndege ya kurudi kuliko ya kwenda, kwa sababu kila mtu ametulia. Siku ya mwisho ya likizo barabara ya uwanjani hujaa, basi ongeza dakika 30 juu ya hesabu ya kwanza. Chumba hurudishwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana. Ndege ikiwa ya jioni, kubalianeni mapema na hoteli mahali pa kuogea na kuweka mabegi.

Aliyezamia baharini kwa mtungi wa hewa asiruke mapema: angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja, saa 18 ikiwa amezamia mara kadhaa au siku mfululizo. Shinikizo la kabini likishuka, naitrojeni iliyobaki mwilini hutengeneza viputo. Kwa hiyo kuzamia kupangwe siku za mwanzo. Makombe na vipande vya matumbawe viulizeni kabla ya kuvifunga, kwani sehemu nyingi za pwani huzuia kuvichukua.

Ndege ikifutwa, mmoja wenu ashike foleni, mwingine apige simu shirika, na wa tatu ajaribu kubadilisha kwenye programu ya simu. Aliyefanikiwa kwanza awaite wengine. Omba uandikiwe kwa maandishi sababu ya kufutwa, na utunze risiti za chakula na malazi.

Usiku wa kuamkia kurudi, fungua uhifadhi wenu kwenye tovuti ya shirika uangalie saa tena. Mabadiliko ya dakika 20 au 40 hutumwa kwa barua pepe ya aliyekata tiketi, na kama aliyekata ni wakala, barua hiyo iko kwake.